Mwanzi Huu Una Miaka Mingapi?

Fundi alipofika asubuhi ile kuchagua mianzi, alikuta trekta limeegeshwa langoni kwangu, dereva kalala juu ya usukani, kofia usoni. Akaniuliza kama na mimi siku hizi nalima kwa trekta. Nikamjibu hapana, hilo limekuja kunilima mimi.

Sikuwa natania sana. Trekta lilikodiwa na kaka yangu, na kaka mwenyewe alikuwa amekaa barazani kwangu, kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, anasubiri kung'oa shamba langu.

"Mradi," aliniambia alipofika, "mimi si mtu mbaya. Fundi wako akiondoka leo na mianzi themanini iliyokomaa, trekta linarudi lilikotoka na mimi sifungui mdomo tena. Asipoondoka nayo, linaingia. Tunang'oa, tunapanda mahindi kama watu wenye akili zao."

Mradi ndiyo mimi. Jina hilo alinibandika kaka baada ya kuku wangu mia mbili kufa ndani ya wiki moja, likakolea baada ya matikiti kuniozea njiani, na sasa hata daktari wa meno ananiita hivyo. Sikasiriki. Mtu aliyekwisha kuangushwa na kuku hujifunza kucheka mapema, kabla wenzake hawajaanza. Lakini mianzi nilikuwa siichekei. Ardhi ni yetu sisi wawili, eka moja na nusu, na kaka alinipa miaka minane nimwonyeshe kitu. Miaka minane nimepalilia, nimebeba maji, nimetandaza majani makavu kwenye mashina kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Vichaka mia na ishirini, vimeshiba, vinasuguana upepo ukipita hadi mgeni anadhani kuna watu wanasengenya. Ni kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho hakikufa nilipokigusa. Ndiyo maana asubuhi ile nilimmiminia kaka chai mpaka ikafurika, nikasingizia birika zito.

Fundi alikuwa mwembamba, mkimya, na msumeno wake kauviringisha ndani ya gunia kama mtoto mchanga. Alikuwa anaezeka soko jipya.

"Nataka ya miaka minne," akasema. "Mitano, sawa. Chini ya hapo siitaki hata ukinipa bure na soda juu."

"Kwa nini umeikasirikia hivyo michanga?"

"Iliwahi kunitia aibu. Niliezeka sebule ya mtu kwa mianzi ya miaka miwili, muuzaji akaniapia imekomaa. Miezi sita haikuisha, dari likaanza kumwaga unga juu ya makochi. Wadudu walikuwa wamo ndani wanatafuna. Mwenye nyumba akasema nimemroga."

Nikacheka, nikamwambia kwangu hilo haliwezekani, kwa sababu kwangu kila mwanzi una cheti cha kuzaliwa. Nikalisema kwa sauti, ili na huko barazani lisikike.

Maana tatizo la mwanzi ni hili: hauzeeki usoni. Unatoka ardhini na unene wake wote, kwa miezi michache umeshafika juu kabisa, na baada ya hapo hauongezeki kitu. Ule wa mwaka huu kila mtu anaujua, maganda bado yameushika na ngozi ina unga mweupe. Lakini wa miaka miwili na wa miaka minne wanasimama bega kwa bega kama mapacha, na ndani mmoja ni mbao, mwingine ni uji. Basi mimi nikabuni rangi. Machipukizi ya kila mwaka yana duara la rangi yake. Nilianza na nyeupe, mwaka uliofuata nyekundu, kisha bluu, kisha njano, na mwaka huu kijani. Ndiyo, kijani juu ya mwanzi wa kijani. Ndiyo iliyobaki dukani, na kaka ameshanicheka kwa niaba ya kila mtu.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Wekundu wako mwaka wa nne, weupe wa tano. Fundi achukue wekundu na weupe, aache wengine. Hata mtu aliyelewa angeweza.

Tukaingia shambani, mimi mbele, fundi nyuma, na nyuma yake mke wangu na mama yake, yaani mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi tangu nilipovunjika mguu. Kaka akabaki barazani na chai.

Kichaka cha kwanza tu, nikaona mwanzi mnene, mwekundu si mara moja, mara mbili: duara moja chini gotini, jingine kiunoni. Nikaupiga kofi. "Huu umethibitishwa mara mbili," nikamwambia fundi.

Fundi akafungua gunia, akaukata, akaupasua kipande kwa panga. Akachomeka ukucha. Ukucha ukazama. Akanionyesha kidole kilicholowa.

"Huyu ni mtoto," akasema.

"Haiwezekani."

"Mtoto wa kunyonya, bwana. Ona maziwa."

Nikajikaza kisabuni, nikasema kila ukoo una mmoja wa namna hiyo, twende mbele. Kichaka cha pili nikachagua mwekundu mwingine, duara moja, usawa wa kifua changu. Msumeno ukalia kama unakata mfupa. Fundi akaupasua, akaunusa, akaguna kwa kuridhika. Roho ikanirudi. Kichaka cha tatu nikapata wenye maduara matatu mekundu, gotini, kiunoni na juu kidogo ya tumbo. Nikasema kama mawili yalikuwa mtoto na moja likawa mzee, basi huu wa matatu sijui hata niuiteje. Fundi akaukata. Haukuwa uji, haukuwa mbao. Akaugeuza geuza mkononi kama mtu aliyepewa chenji asiyoielewa.

"Huyu ni kijana," akasema. "Mwaka mmoja tena. Sasa niambie, ninyi mnapaka rangi au mnacheza karata?"

Nilitazama shamba langu mwenyewe, ambalo nilidhani nalijua kama kiganja cha mkono wangu, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi lilivyojaa nyekundu. Nyekundu kila mahali. Nyekundu gotini, nyekundu kiunoni. Mbona mwaka ule wa nyekundu ulizaa hivyo? Na bluu iko wapi? Nilipopona mguu sikuona bluu hata moja, nikajisemea basi, mwaka nilioumwa ulikuwa mkavu, haukuchipua kitu. Nililikubali hilo kwa miaka miwili. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada, hasa msaada wake mwenyewe.

Hapo mke wangu akakohoa.

"Mama anauliza," akasema, "kwa nini mnakata wa kiuno?"

Mama mkwe alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, mikono kaifunga kifuani. Sasa hapa inabidi nieleze. Mimi na yule mama tunaheshimiana kupita kipimo. Mimi namuuliza mgongo unaendeleaje, yeye ananiuliza mguu unaendeleaje, tunashukuru, tumemaliza. Mengine yote hupitia kwa mke wangu. Hakuna aliyetupangia hivyo. Siku ya kwanza tu aliyokuja kuniuguza alinikuta nimelala na kaptula iliyochanika, na nadhani aibu ile haijawahi kutuishia.

"Mwambie Mama sijaelewa," nikasema. "Kiuno gani?"

Mke wangu akageuka. "Anasema hajaelewa."

"Nimemsikia," mama akasema. "Mwambie ule wa kwanza ulikuwa wa kiuno. Na huu ni wa kifua. Ya kukata ni ya bega. Hilo yeye mwenyewe analijua."

"Anasema..."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie mimi sijui bega wala kifua. Mimi najua nyekundu."

"Anasema yeye anajua nyekundu, Mama."

"Nyekundu ina nini?"

"Mama anauliza nyekundu ina nini."

Fundi alikuwa akigeuza shingo huku na huku kama anatazama mpira. Mwishowe akaweka msumeno chini.

"Samahani," akasema. "Mama huyu ana ugonjwa wa kuambukiza? Mbona hamuongei naye?"

Mke wangu akatazama ardhi. Mimi nikamtazama mke wangu. Mama akatazama mwanzi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekanyaga maji ya baridi, nikasema:

"Mama."

"Abee, mkwe wangu."

"Mgongo unaendeleaje?"

"Nashukuru. Na mguu?"

"Nashukuru." Nikagusa duara lililokuwa karibu. "Mama, haya maduara mekundu... ni wewe uliyapaka yote?"

"Ni mimi. Ulipokuwa umelala na mguu, si uliniletea ujumbe nipake rangi machipukizi?"

"Nilisema bluu."

Wote tukamtazama mke wangu. Mke wangu akaweka mkono mdomoni. "Nilisema rangi," akasema taratibu. "Mlikuwa mmeniagiza mambo kumi siku ile. Nilisema, Mama, anaomba upake rangi."

"Nikachukua kopo lililojaa," mama akasema. "Lilikuwa jekundu. Rangi si rangi tu?"

Nikahitaji kukaa. Hapakuwa na pa kukaa.

"Mama," nikasema, "rangi ndiyo mwaka. Kila mwaka na rangi yake. Nyekundu ni wa nne."

Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mteja aliyevaa shati ndani nje. Mama yule alikuwa fundi cherehani miaka arobaini kabla ya kuja kwetu, na kumbe shamba langu alilipokea kama alivyopokea vitambaa.

"Rangi inapauka, baba," akasema. "Jua likiipiga misimu miwili, nyekundu na njano ni kitu kimoja. Mimi napima mwilini. Mwaka wa kwanza naweka gotini. Ukifika wa pili, naongeza kiunoni. Wa tatu, kifuani. Wa nne, begani, hapo umekomaa, ukatwe. Hata gizani unapapasa unajua."

Fundi akaniangalia. "Huyu mama ana akili," akasema.

"Na mimi je?"

"Wewe pia. Ndiyo shida yenyewe."

Lakini mimi nilikuwa bado nimekwama. Kama mama anapanda juu mwaka hadi mwaka, na mimi napaka duara moja tu na kuondoka, basi alipokutana na duara langu alilisoma vipi? Nikamuuliza. Akanijibu bila wasiwasi wowote, kana kwamba ndilo jambo pekee shambani mle lisilo na utata.

"Yako yote ni ya bega. Nami nilisema, mkwe wangu ameshahakikisha hii, kazi yangu ni kukata tu."

"Kukata?"

"Si nakata kila mara? Kamba ya kuanikia nguo inaegemea nini? Banda la kuku? Uzio wa upande wa choo?"

Uzio wa upande wa choo! Tangu mwaka jana nilikuwa nikihesabu mianzi yangu ya njano na kukuta imepungua. Nilikuwa nimeshamshuku jirani. Nilikuwa nimeacha kumsalimia. Mwezi uliopita nilikataa hata kwenda kumpa pole alipopoteza ng'ombe, nikasema moyoni mwizi wa mianzi na apotelewe naye. Na kumbe mianzi yenyewe nilikuwa naitazama kila asubuhi nikienda chooni.

"Lakini Mama, mimi napaka kifuani," nikasema. "Hapa. Nasimama hivi, mkono unanyooka, napaka."

"Si kifuani. Begani."

"Kifuani, Mama."

"Mkwe, nimepima mabega ya watu tangu wewe hujazaliwa."

Fundi akatushika mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, akatusimamisha pande mbili za mwanzi mmoja wenye duara langu la njano. Sijawahi kusimama karibu vile na mama mkwe wangu. Duara lilipita sawasawa kwenye kifungo cha pili cha shati langu. Upande wa pili lilipita sawasawa begani mwa mama, pale mkoba unapokaa. Mimi ni mrefu. Yeye akisimama wima, utosi wake unafika kidevuni mwangu.

Halafu fundi, mtu ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu hata kwa chai, akaketi juu ya gunia lake akacheka mpaka akafuta macho na mkono wa shati. Mke wangu naye akashindwa kujizuia.

"Unacheka nini?" nikamwambia. "Wewe ndiye ulikuwa katikati!"

"Mimi nilijua mmekubaliana!" akasema. "Kila mwaka wewe unaniambia, mwambie Mama nimeona rangi, asante sana. Na Mama ananiambia, mwambie asante kushukuru. Ningejuaje kama hamjui mnashukuriana nini?"

Ni kweli. Nilipoona maduara yake matatu matatu nilidhani mama anairudishia rangi mianzi yangu ya mwaka wa nyekundu. Nilijisemea, mzee wa watu, mwache afurahi. Nikawa naiacha ile aliyoipaka, napaka ile isiyo na kitu. Naye alikuwa anaiacha yangu, anapaka ile isiyo na kitu. Tulikuwa tumegawana shamba lote kwa adabu kubwa, na hakuna kati yetu aliyejua umri wa hata nusu yake.

Kutoka barazani kaka akapaza sauti. "Ngapi mpaka sasa?"

Mke wangu akahesabu chini. "Mmoja!" akajibu.

"Mmoja?" Kiti kikakwaruza. "Mmoja tangu saa mbili?"

Kicheko kikatukauka. Nilimwona kaka anashuka ngazi, anakuja na kikombe mkononi, na huko langoni dereva anajinyoosha. Nikamgeukia fundi, nikamwambia ukweli, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikamwambia sijui mianzi yangu ina miaka mingapi. Nilidhani najua. Akitaka kuondoka, simlaumu, ila akiondoka saa hii shamba hili jioni halipo.

Fundi akakuna shingo. "Muuzaji yule wa dari alikuwa na uhakika sana," akasema. "Sikumsikia hata mara moja akisema sijui." Akainuka, akakung'uta gunia. "Yako wewe unaitambuaje na ya mama?"

Swali zuri. Tukatazama kwa karibu. Duara langu lina machozi: napaka kwa haraka, rangi inachuruzika mpaka kifundo cha chini. La mama ni jembamba, limenyooka, na mahali mwanzo na mwisho vinapokutana vimepandana kidogo tu, kama upindo wa sketi.

"Basi," fundi akasema. "Penye machozi, soma wewe. Penye upindo, asome mama. Mimi nitapasua hapa na pale, niwakague."

Tukaanza. Ilikuwa kama kusoma barua iliyoandikwa na watu wawili kwa kupokezana mistari. Mimi naita, "Machozi mekundu, wa nne, kata!" Mama anaita, "Upindo, kiuno, acha!" Mke wangu anafunga kitambaa kwa ile ya kukata. Kaka anatufuata nyuma na kikombe kitupu, anauliza kila baada ya dakika mbili nini maana ya machozi, na hakuna mwenye muda wa kumjibu. Kuna mahali tulikuta mwanzi wenye machozi meupe kifuani na upindo mwekundu juu yake kabisa.

"Mama, hapa uliweka wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani ni mwaka gani?"

Mama akafikiri. "Nadhani niliona umeshakuwa wa bega na bado umesimama. Nikasema huu umepitiliza."

"Kwa hiyo ukatwe?"

"Ama uheshimiwe. Sikumbuki."

Fundi akaukata. Ulikuwa mfupa mtupu. Mama akanipiga begani, au tuseme alipodhani ni begani, na nikagundua kwamba ni mara ya kwanza kunigusa tangu afunge mguu wangu bandeji. Baada ya hapo akaacha kunisubiri nimalize sentensi. Aliniita kipofu kwenye kichaka cha arobaini. Kwenye cha hamsini nilimwambia kwamba kama sketi zake alizipima hivi, basi mji mzima ulikuwa unatembea magoti wazi. Mke wangu akasimama na vitambaa mkononi, hajui acheke au akimbie.

"Tuliishi vizuri mlipokuwa hamuongei," akasema.

Jua lilipopita utosini tulikuwa tumefika mwisho wa shamba. Mianzi sabini na moja ilikuwa imelala chini, imepangwa. Fundi aliipitia mmoja mmoja, akatikisa kichwa kwamba iko sawa. Iliyobaki ilikuwa michanga kwa kila kipimo, au ilikuwa na alama zilizopauka kiasi kwamba mimi nilisema njano, mama akasema kifua, na fundi akasema hata yeye haoni kitu.

"Mimi naondoka na hii," fundi akasema. "Sabini na moja safi ni bora kuliko themanini ya kubahatisha. Nyingine nitaifuata mwakani. Na mwakani nitahitaji zaidi ya mia."

Nikamtazama kaka.

"Nilisema themanini," kaka akasema.

"Kaka..."

"Mradi, mimi nilisema themanini. Kuku ulisema mayai mia, ukaniletea manyoya. Matikiti ulisema lori moja. Kila mara unakuja na pungufu na hadithi. Leo pia ni pungufu na hadithi. Hadithi nzuri, nakubali, hii ya bega. Lakini tisa haipo."

"Inawezekana ipo," fundi akasema. "Ila haina alama ya kusomeka. Ikipatikana naichukua."

"Inapatikanaje bila alama?"

"Unagonga." Fundi akachukua kipande cha mti, akagonga mwanzi mmoja kati ya ile iliyotushinda. Ukatoa sauti butu, ya mlango uliolowa. Akagonga wa pili, ukalia kwa ukali kidogo. "Sikia. Ule wa kwanza una maji. Huu umekauka. Si uhakika sana, lakini ni kitu."

"Zote zimelia sawa," kaka akasema.

"Si sawa, shemeji," mke wangu akasema.

"Zimelia sawa! Hebu lete hapa." Akampokonya fundi kile kipande cha mti, akanikabidhi mimi kikombe. "Nitawaonyesha kwamba hii ni porojo."

Akagonga. Akakunja uso. Akagonga wa jirani yake. Akarudi kwenye ule wa kwanza.

"Huu una miaka mingapi?" akaniuliza.

Miaka minane yote kaka akiniuliza kitu, nilikuwa na jibu kabla hajafunga mdomo. "Sijui," nikasema. "Mama, wewe unaonaje?"

Mama akauzunguka, akaupapasa kuanzia gotini mpaka alipofika mkono. "Hata mimi sijui, baba. Hapa kuna kitu kimepauka, lakini sijui ni chako au changu. Agonge tena."

Kaka akagonga tena, safari hii ameinama, sikio karibu na mwanzi. "Mkavu," akasema, lakini kwa sauti ya kuuliza. Fundi akaukata, akaupasua. Ulikuwa na maji.

"Haa!" kaka akasema, na nilishindwa kujua kama amefurahi kushinda au amekasirika kukosea. Akahamia kichaka cha pili bila kuambiwa. Wa pili alisema una maji. Ulikuwa mkavu, mzuri, fundi akaulaza na wenzake. Wa tatu alisema mkavu, na ulikuwa mkavu, akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha tumeona. Sabini na tatu. Alivua koti, akamtundikia mama mkwe wangu mkononi kama kabati. Sabini na nne mama ndiye aliyemwonyesha, na kaka akabisha, na mama akamwambia aache kugonga kama anadai kodi. Wa sabini na tano walibishana mpaka fundi akauliza kama ana ruhusa ya kuukata au asubiri hukumu.

Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha mtu, sielewi tena nani anataka mianzi ipatikane na nani anataka isipatikane. Sikuthubutu kuuliza.

Walikuwa kwenye wa sabini na saba dereva wa trekta alipokuja mpaka ukingoni mwa shamba, kofia mkononi, amechoka kulala.

"Bosi," akaita. "Saa tisa inaingia. Niingie au niondoke?"

Kaka alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, jicho moja kalifumba, sikio kalibandika kabisa kwenye mwanzi. Akainua mkono bila kugeuka.

"Nyamaza wewe," akasema. "Sisikii."